Picha ya Moyo wa Norah

Mwaka nchi ilipopata uhuru, Norah alishona bendera mpaka vidole vikaota sugu. Alikuwa mjane kutoka Gulu, fundi cherehani mwenye kibanda katika soko la Konyo Konyo, na wiki ile ya Julai kila mtu Juba alitaka bendera yake. Nyota ya njano ndiyo iliyomsumbua, pembe zake zilikataa kulala sawa. Aliyezilaza ni Gai, Mnuer mmoja mrefu, mpole, aliyepiga pasi ya makaa kwenye kibanda cha jirani. Gai alikuwa amekulia kambi ya wakimbizi Kenya, na Kiswahili alikileta kutoka huko. Tangu siku hizo wakawa wanafanya kazi pamoja, Norah anashona, Gai ananyoosha.

Maumivu yalianza mwaka wa pili baada ya hapo. Norah alikuwa akitembea kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Juba Na Bari, kwenda kibandani, furushi la vitambaa kichwani, kifua kikabanwa kama mtu amekikalia. Akisimama kidogo, kinaachia. Aliona haya kusimama barabarani kama kikongwe, basi akawa anajifanya mnunuzi. Atasimama kwa muuza bamia aulize bei, atasimama tena kwa muuza ndala.

"Mama Angella," Gai alimwambia asubuhi moja, akimtaja kwa jina la bintiye aliyekuwa Kampala, "wewe huli bamia. Mbona kila siku unauliza bei?"

Ikabidi aseme. Tangu siku hiyo Gai alimfuata nyumbani kila asubuhi, akambebea furushi, na Norah akisimama naye anasimama, akitazama pembeni ili asimwaibishe.

Zahanati mbili zilimpa dawa za vidonda vya tumbo. Ya tatu, kule Kator, alikuwepo daktari Mkenya aitwaye Barnabas, ambaye kabla ya kumgusa alimwuliza maswali.

"Yanakuja ukiwa umekaa?"

"Hapana, daktari. Nikitembea, hasa na mzigo."

"Na ukisimama?"

"Yanaisha kabla mtu hajamaliza kunitajia bei."

Barnabas hakucheka. Alimlaza, akambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari. "Karatasi hii haina neno," alisema, "lakini haitoshi. Nimeupima moyo wako ukiwa umelala, nawe huumwi ukilala. Kuna mashine inayopiga picha ya mishipa inayoulisha moyo. Ingetuonyesha kama imeziba, wapi, na kwa kiasi gani. Bila hiyo mimi nakisia tu."

"Iko wapi hiyo mashine?"

"Juba hatuna. Nenda Kampala."

Alimpa vidonge vya asprini na barua. Vidonge vingine, vile vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija, alisema havipatikani kwenye duka lolote la dawa mjini, atapewa hukohuko. Angella akampatia miadi huko ya tarehe kumi na tisa Desemba. Norah angepanda basi Jumanne, tarehe kumi na saba.

Jumapili kabla ya safari, Gai alikuwa kwa Norah wakimalizia sare za kwaya za Krismasi. Giza lilimkuta hapo, na risasi zikaanza. Kulipokucha mizinga ilikuwa inalia, na Jumanne hakuna basi lililoondoka. Habari zikaja kwa simu: watu wenye bunduki wanapita mtaa kwa mtaa wakiwatafuta Wanuer, watu wa kabila la Gai. Nyadak, mke wa Gai, alikuwa amekimbia na watoto hadi kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege. Gai alikaa siku mbili chini ya meza ya kukatia, kafunikwa na sare za kwaya.

Jumatano asubuhi walisikia milango ikivunjwa njia ya pili.

"Hapa watanikuta," Gai alisema, "na wewe watakuua kwa kunificha. Niende."

"Hutakwenda peke yako. Mimi Mganda, sina ugomvi na mtu. Wakiuliza, wewe fundi wangu."

Gai alivaa kofia ya sufu akaishusha mpaka kwenye nyusi, kuficha chale sita za paji la uso, alama ya Wanuer. Alibeba furushi kama kawaida. Walitembea upesi kuelekea kambini, kupita maduka yaliyovunjwa na mtu aliyelala kifudifudi ambaye hawakumtazama mara mbili. Norah hakuwa ametembea upesi hivyo kwa miezi mingi. Kifua kikaanza kubana. Akakaza meno, akaendelea. Uzio wa kambi ulipoonekana mbele, miguu ikakataa, akaketi juu ya jiwe.

"Nenda," alisema. "Gai, nenda, usinisubiri."

"Nitakuachaje hapa?"

"Ni pale tu! Kimbia!"

Lakini Gai alikuwa amezoea kusimama. Alishusha furushi, akatazama pembeni.

Hazikupita hata dakika tatu. Gari lilisimama, wakashuka wanaume watano, wakamjaribu Gai kwa salamu ya lugha yao, asiyoijua. Kisha mmoja akamvua kofia. Norah aliinuka na barua ya daktari mkononi, akipiga kelele, "Ni mtu wangu! Mimi mgonjwa, ananisindikiza!" Kijana mmoja aliipokea, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kumrudishia. Wakampandisha Gai garini.

"Kaa chini, Mama Angella," Gai alisema kutoka juu. "Kaa kwanza."

Hakuonekana tena.

Januari, Norah alipofika Kampala, Angella alimpeleka kwenye mashine. Walimpa kidonge cha kutuliza mapigo, wakamdunga dawa iliyompitia mwilini kama maji ya moto, wakamwambia azuie pumzi. Baadaye daktari wa huko akamwonyesha picha: mishipa miwili imeanza kuziba, mmoja vibaya.

"Maumivu haya yamekutunza, mama," alisema. "Yakija, unasimama. Wanaokaidi ndio tunaowazika."

Norah akalia. Daktari alidhani anaogopa kisu, akamtuliza: upasuaji si wa leo, dawa zitatosha kwa sasa. Akamwonyesha kichupa kidogo cha vidonge. "Kabla ya safari ya mguu, weka kimoja chini ya ulimi. Utatembea bila kubanwa."

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

Norah alikishika kile kichupa muda mrefu.

Mvua zilipoanza alirudi Juba, akaenda kambini. Alimkuta Nyadak akichota tope ndani ya hema kwa sufuria. Jina la Gai halikuwa kwenye orodha yoyote, ya waliokufa wala ya walio hai. Nyadak alikuwa ameziulizia zote.

"Wanasema ulikuwa naye," Nyadak alisema bila kuinua kichwa. "Gai alikuwa na mbio. Wale hawangemshika. Mbona hakukimbia?"

Njia nzima kutoka Kampala Norah alikuwa ametunga majibu, kwamba walizingirwa, kwamba gari lilitokea ghafla. Hakutumia hata moja.

"Alinisubiri," alisema. "Kifua kilinibana, nikaketi. Nilimwambia aende. Akanisubiri."

Nyadak alisimama na sufuria mkononi. Mtoto wake mdogo alikuja akamshika sketi, Nyadak akamsukuma taratibu nyuma yake.

"Na kifua chako," aliuliza, "kimepona?"

"Nina dawa."

Nyadak alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Kisha akainama, akaendelea kuchota tope.