Shikamoo Iliyopeleka Mrija Shingoni

Nimelala sehemu nyingi katika bonde la Kilombero: kambi za wakata miwa Kidatu, stesheni ya Mang'ula, vibanda vya wavuvi kandokando ya mto. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu ndiyo inayonisomesha. Kwa hiyo panga liliponipitia muundini, nami nikalipuuza jeraha mpaka mfupa ukatunga usaha, niliogopa kitu kimoja tu: kukatwa mguu.

"Mfupa ukipata dawa kila siku kwa wiki kadhaa, mguu unabaki," aliniambia muuguzi wa wodi pale Ifakara. Tabu ilikuwa mishipa. Mikono yote miwili ilishachomwa sindano mpaka ikavimba. Akaamua kuniwekea mrija mrefu, mwembamba kama tambi, unaoingilia mkono wa kulia juu ya kiwiko na kutambaa ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo, ambako damu ni nyingi na dawa kali haiunguzi.

"Utajuaje umefika? Ukipitiliza je?"

"Kaka, umekuja kutibiwa au kusoma?" Lakini alinijibu. Angenipima kwa utepe kama fundi cherehani, kisha eksirei ndiyo ingesema ncha iko wapi. Kabla ya picha, hakuna dawa kupita.

Akanifunika vitambaa vya kijani, akaniagiza nigeuze uso kulia na kubana kidevu begani. "Hapa kuna njia panda. Kidevu kinasaidia kuifunga ile ya kwenda shingoni. Usigeuke."

Nikatulia. Mara mlango wa upande wa kushoto ukafunguliwa, akaingia daktari mzee, mvi tupu. Nililelewa na bibi ambaye hakuruhusu mtu mzima apite bila kuamkiwa. Shingo iligeuka yenyewe.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, baba. Mguu unasemaje?"

"Mungu wangu," akasema muuguzi.

Alipomaliza, akasukuma maji kidogo ya chumvi mrijani.

"Dada, kuna maji yanapita sikioni mwangu, kama mfereji wa majaruba ya mpunga."

Akaacha palepale. Eksirei ikamaliza ubishi: uzi mweupe ulifika begani, kisha badala ya kushuka kifuani ukapanda zake shingoni.

"Unaweza kupotea hata mtu akitulia," alisema akiuchomoa, "ila wewe uliufungulia geti."

Stoo ulikuwa umebaki mrija mmoja. Huo nao ukipotea, nisubiri mwingine utoke Dar, na mfupa haukuwa na muda wa kusubiri.

Kesho yake akaniambia, "Leo hata akifufuka babu yako, kimya."

Kidevu begani. Mrija ukiwa njiani, mlango ukafunguliwa. Nikazitambua hatua za daktari wa jana. Akasimama nyuma ya kichwa changu, nami nikahisi masikio yakipata moto kwa aibu. Kisha yule mzee, umri wa babu yangu, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, mgonjwa."

"Daktari, usimchokoze!"

"Nampima."

Nikabana meno pamoja na kidevu. Maji ya chumvi yakasukumwa, sikio halikusikia kitu. Muuguzi hakufurahi bado; akanipeleka eksirei. Kwenye kioo uzi ulipita begani, ukakata kona, ukashuka kifuani, na ncha yake ikatulia juu kidogo ya moyo.

"Umekaa mahali pake," alisema mzee. "Anza dawa."

Dripu ilipoanza kudondoka, nikageuza shingo kwa raha zangu zote, nikamtazama.

"Marahaba," nikamjibu. Muuguzi alicheka mpaka akashika kitanda.

Mguu ninao, na umeshanipeleka mbali tangu hapo. Kila nikipita Ifakara naingia wodini kumwamkia yule mzee. Huwa haitikii. Anageuza uso, anabana kidevu begani, na kunyamaza hivyo mpaka nicheke.