Mama mkwe anasema kompyuta yangu inaunguza kizazi

Admin, shikamoo kama umenizidi, na jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka 31, nimeolewa mwaka wa nne sasa, tunaishi Chanika kwenye nyumba yetu ambayo nje bado haijapigwa plasta. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mtoto hatujajaliwa. Nayasema yote mapema kwa sababu ndugu wa mume wangu wameyafanya kuwa jambo moja, na mimi nimechoka.

Chanzo ni kompyuta. Sio hizi nyembamba za kutia kwenye mkoba. Ni laptop kubwa, ile yenye nguvu kama kompyuta ya mezani, niliyoinunua kwa jasho langu nikijua nimemaliza shida. Huku kwetu umeme hukatika bila hodi, nikasema hii ina betri, nitachora tu. Wapi. Umeme ukikatika betri haifiki hata nusu saa, na hiyo nusu saa yenyewe inafanya kazi kama mtu aliyeshiba makande. Feni ikianza kuvuma, mume wangu anaongeza sauti ya taarifa ya habari mpaka jirani anasikia. Chaja peke yake ni tofali. Kitambaa cha plastiki cha meza ya kulia kimejikunja pale ninapoiweka. Nayasema haya mjue kwamba siitetei, maana anayeumwa mgongo kwa kuibeba ni mimi.

Sasa miezi michache iliyopita mteja aliniita kiwanjani kwake, anataka kuiona nyumba kwenye kioo kabla hajachimba msingi. Nikafunga kifuniko haraka bila kuizima, nikaitia kwenye begi, nikapanda bodaboda nimeipakata. Kumbe humo ndani ilikuwa inaendelea kufanya kazi. Nikadhani joto ni la jua. Nilipofika, paja la kushoto lilikuwa na alama nyekundu, limevimba.

Jioni nikamwonyesha mume wangu. Nilitaka pole tu, wanawake wenzangu mnanielewa. Pole akanipa, dawa akanipaka, kisha akampigia mama yake akamweleza.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Kipawa. Hata chai hajanywa, akaniita chumbani. "Mwanangu, nifunulie nione." Niliona aibu lakini nikamwonyesha. Akalitazama paja, akatazama tumbo.

"Mie kila siku nilikuwa najiuliza," akasema. "Kumbe jiko mnalo humu ndani. Kizazi kinaungua, mwanangu, utazaaje?"

Nikamwambia, "Mama, huwa naiweka mezani. Siku ile tu ndiyo niliipakata."

"Hata ugali haugusi moto," akanijibu. "Sufuria ndiyo inagusa."

Nikajifunika, nikaenda kumchemshia chai.

Wiki mbili zilizopita kikaitishwa kikao. Jamani, nimesikia vikao vya ulevi, vya michepuko, vya watu kupigana. Changu kilikuwa cha laptop. Waliitwa shangazi zake, akaitwa mpaka mshenga wetu, yule aliyeleta posa kwetu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi. Akaomba aione. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili. "Shemeji, hii hata mie niliyezoea saruji naiogopa," akasema, na shangazi wote wakatikisa vichwa. Mama mkwe akasema hana ugomvi na mimi, anachotaka ni mjukuu. Mume wangu akainama, akasema, "Nimeshamwambia aiuze, hasikii."

Uongo. Hajawahi kuniambia hata siku moja.

Na kinachoniuma sio uongo huo peke yake. Mwaka jana nilikwenda hospitali kupima. Daktari akaniambia mimi sina tatizo, nirudi na mwenzangu. Mwenzangu amenizungusha mpaka leo. Mara kazi nyingi, mara mafua, mara foleni. Mara ya mwisho alikuwa mkali, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Nikanyamaza kumsitiri, kwa sababu nampenda, na mwanaume akisemwa kwa jambo lile hatembei tena mtaani kwa amani. Pale kikaoni nilimtazama. Yeye akawa anatazama kompyuta.

Wameamua Jumapili hii itoke ndani ya nyumba. Wa kuichukua wameshampata, ni mdogo wake mume wangu anayekaa Tabata, anaitaka ya kuchezea gemu. Huyo naye anaoa karibuni. Nikauliza, na yeye je, haitamuunguza? Wakacheka, wakadhani natania.

Nina hasira. Kazi za watu ziko humo, na kompyuta ndogo haziwezi hata kuzifungua. Shangazi mmoja ameniambia niuze vitenge. Na mimi nataka mtoto, msidhani sitaki. Nguo za kichanga zikianikwa kwa jirani huwa napita nikiangalia pembeni. Lakini nikiitoa hii mashine na tumbo likabaki vilevile, kitu kitakachofuata kutolewa humu ndani ni mimi. Nikisema ukweli mbele ya mama yake, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu.

Watakuja Jumapili wakitoka kanisani. Niwakabidhi kompyuta ninyamaze, au niwaambie alichosema daktari? Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nishaurini ndugu zangu, nitasoma yote.

Na wewe mume wangu, najua ukurasa huu huwa unaupitia. Ukijijua usinikasirikie. Jumamosi twende hospitali wote wawili, mama asijue.