Wasifu Niliouandika Vibaya

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na shida ikaanza. Kwenye mazishi baba mdogo alisoma wasifu wa marehemu. Akawataja watoto wa mke mkubwa mmoja mmoja, saba wote, halafu akamalizia: "na wengineo." Mimi ni mtoto wa mke wa pili. Wengineo hawalipiwi karo, basi darasa la sita likawa mwisho wangu.

Ukubwani nilifika Stockholm, Uswidi, nikasafisha ofisi za mtaa wa Kista kwa miaka kumi na tisa, nikitoka nyumbani Husby kila alfajiri. Kisha nikafungua kampuni yangu ya usafi. Hakuna aliyenishika mkono.

Mjukuu wangu anasoma Kiingereza chuo kikuu. Aliandika insha juu ya maneno ya kumalizia orodha, yale ya kina "na kadhalika". Akanieleza jikoni, nusu Kiswahili nusu Kiswidi.

"Nyanya, watu hudhani ni uvivu wa vijana wa leo. Lakini Waingereza wanayo karne na karne. Hata makarani wa zamani waliyaandika kwa mkato. Ni kama kusema: yaliyobaki unayajua, mimi na wewe tunaelewana."

"Sawa, mnaelewana. Na yule aliyeachwa huko ndani, mmemuuliza?"

"Haya, profesa," akacheka.

Msimu huu wa baridi mume wangu alifariki. Alikuwa na binti wa nje, aliyempata tukiwa tumeshaoana. Anaishi Fittja, kazi yake kutunza wazee. Miezi ya mwisho ndiye aliyekuja kumwogesha baba yake, mimi nikiwa kazini. Wasifu wa mume wangu niliutunga mimi, mjukuu akichapa.

"Shangazi wa Fittja nimweke wapi?"

"Andika 'na wengineo'."

"Nyanya!"

"Andika."

Kanisani mchungaji akausoma kama ulivyo. Binti yule alikuwa benchi la tatu, ameshika maua. Alipoyasikia maneno yale aliyaweka maua chini ya kiti, polepole, akafunga zipu ya koti lake, akatoka. Sikumfuata. Nilijua vizuri alichokuwa amebeba kifuani, na mimi ndiye niliyemtwika.

Wiki iliyofuata nilichapisha wasifu mpya, jina lake likiwa la kwanza, juu ya langu. Nikaupeleka Fittja mwenyewe. Alifungua mlango kidogo, bila kuutoa mnyororo wake wa usalama. Aliusoma palepale.

"Mama, asante," akasema. "Lakini mtu huzikwa mara moja."

Akanirudishia karatasi, akafunga mlango. Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikajizima.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Jakobsberg. Nina kampuni yenye wafanyakazi kumi na mmoja, magari mawili ya kazi, ekari mbili nyumbani Kenya, na nakala arobaini za wasifu uliosahihishwa, ndani ya boksi, hazijagawiwa. Nimevitaja vyote.