Kadi Nilimukatia Mukwe Yangu

Mende banapenda colle ya bunga ya mihogo, ile ya kubandika karatasi, kupita vile sisi tunapenda samaki. Njo maana mu colle yangu naweka pilipili, ile ya kukauka, ya kusaga. Napika bunga na maji mu kakopo ka tomate, nakoroga paka inakuwa nzito na kung'aa, kisha naweka pilipili yangu. Kadi yenye ilibandikwa vile inaweza kukaa mwaka muzima bila kukuliwa. Mimi tu njo najifuta macho na vidole na kulia kama mutu mwenye iko ku kilio.

Ile kazi ya makadi nilianza mu masomo ya mangaribi, ku paroisse ya kanisa, hapa Butembo. Tulikuwa bamama ba kukomaa, bengine na bajukuu, tunajifunza kusoma na kuandika. Siku moja mwalimu akasema kila mutu aandike jina yake ku karatasi ya muzuri, aende nayo ku nyumba. Mais karatasi ya muzuri ingetoka wapi? Ilikuwa vita, hata cahier ya batoto balikuwa banaandika na crayon, banafuta, banaandika tena juu. Nikakata gunia ya siment, nikaikunja, na ku inje nikabandika kipande ya ganda ya mugomba, sababu niliona ile karatasi iko na sura ya huzuni. Jina yangu ndani, mugomba inje. Nilifika ku nyumba, nikaisimamisha ku meza, nikakaa kuiangalia vile mutu anaangalia mutoto mwenye analala. Kutoka pale sikuacha.

Mugomba iko na rangi mingi kama mutu anajua kutafuta. Ganda ya inje, ile mvua ilishapiga, iko nyeusi. Ya katikati iko sawa chai ya maziwa. Ya ndani kabisa iko nyeupe, inang'aa kama nguo ya bibi-arusi. Naikusanya asubui, naipiga pasi ya makala, naikata na lame ya wembe. Karatasi ya kung'aa ya mu pakiti ya sigara inakuwa nyota. Carton ya dawa inakuwa nyumba. Sikuuzisha hata kadi moja. Nilikuwa napatia mutu mwenye alizaa, mwenye alifiwa, mutoto mwenye anapata komunyo. Jirani mumoja alikuwa anasema ku kisima kama mama ya rika yangu anacheza na makaratasi. Nikamujibu kama yeye anacheza na majina ya batu, na heri karatasi, hailie.

Ule mwaka binti yangu alikimbia toka Beni pamoja na bwana yake. Mukwe yangu ni fundi ya mbao. Basoda baliingia mu atelier yake, balibeba misumeno, marabo ya kulainisha mbao, nyundo, hata mulango yenye alikuwa hajamaliza. Alifika kwangu na mikono mitupu, na binti yangu na tumbo ya kukaribia kuzaa. Niliwapatia kile kinyumba kidogo cha nyuma. Bwana yangu hakukuwa pale. Alikuwa amekwenda Kamango kutafuta biashara, barabara ikafungwa nyuma yake, akabaki kule.

Sasa, kwetu, mukwe na mama-mukwe banaogopana. Hapana woga ya nyoka, ni heshima. Hatupeane mukono. Hakule mbele yangu, mimi sikule mbele yake. Akitokea ku njia ya choo, mimi najificha nyuma ya nguo zenye ziko zinakauka, na yeye anaangalia mawingu. Kama kuko neno ya kusema, bwana yangu njo anaibeba: toka kwangu kwenda kwake, toka kwake kurudi kwangu. Na kuko jambo ingine. Mukwe hakae mu parcelle, ile kiwanja ya mama-mukwe, bila kuleta mbuzi. Ile mbuzi njo inamufungulia mulango. Mais huyu mutoto alifika na shuka moja ku bega. Mimi mbuzi haikunipita hata mu kichwa.

Tulikaa vile, parcelle moja, bila neno. Mimi ku meza yangu chini ya veranda, na makaratasi. Yeye kule nyuma, ameketi juu ya jiwe, anaangalia mikono yake. Nilikuwa nakunja karatasi na mugongo ya kijiko, na kijiko inaacha alama. Asubui moja nilikuta ku meza kijiti, chembamba, laini sana, kimezungushwa ku ncha. Mukwe yangu alikisugua na kipande ya chupa sababu rabo hakuwa nayo tena. Nikakunja karatasi ya kwanza nacho, mukunjo ukatoka sawa umekatwa. Nilipenda kwenda kumushukuru. Ningepita wapi?

Siku ya Mungu, ile Jumapili ya Familia Takatifu, nyuma ya Noeli, padri alisoma vile Yosefu alisimama, akachukua mutoto na mama yake, akakimbilia Misri. Niliangalia upande ya banaume. Mukwe yangu alikuwa nyuma kabisa, kichwa chini. Banaume benye balikimbia vita banakaa mu kanisa sawa batu benye baliiba. Nikawaza: Yosefu naye alikuwa fundi ya mbao. Naye aliacha vyombo vyake. Nani alimucheka? Donc nikajua kadi gani nitamukatia.

Nilifanya ile kadi na moyo yote. Yosefu nilimukata mu ganda nyeusi, Maria mu ile ya chai ya maziwa, na mutoto nilimuweka chini ya kitenge yake, maganda mawili moja juu ya ingine ili ivimbe kidogo. Ku mwisho ya njia niliweka nyumba ya carton, na mulango yenye inafunguka kweli ukiisukuma na kidole. Punda njo ilinisumbua. Punda sijaionaka na macho. Naijua tu mu picha ya kanisa, na mu ile picha kichwa yake inafichwa na mugongo ya muchungaji. Nilikata vile niliweza. Nilitaka Maria apande, mais mugongo ya punda ilipasuka, nikamuacha atembee nyuma na miguu, kama bamama ba kwetu. Maneno sikuandika. Kumuandikia mukwe ni sawa kusema naye.

Nikapatia binti yangu, akampelekea. Siku ile sikusikia kitu. Kesho yake, wakati nachambua sombe, majani ya mihogo, binti yangu akaingia mu jikoni, macho imevimba, akaweka kadi mbele yangu.

"Mama, juu ya nini unamuomba mbuzi wakati kama huu?"

Nikauliza mbuzi gani. Akanionyesha na kidole: bwana anavuta mbuzi na kamba, bibi yake na tumbo anafuata, banaelekea ku nyumba, na mulango inangoja. Alisema toka balifika, bwana yake halale vizuri, anawaza tu ile mbuzi. Na sasa mama-mukwe mwenyewe amemukumbusha. Kesho asubui anatoka na bachuuzi benye banajaribu barabara ya Beni. Akifika Beni ataendelea paka upande ya Mabalako, kwa mujomba yake, kule aliachaka mbuzi moja.

Ile barabara sote tuliijua. Batu balikuwa banatoka na mizigo, na kisha siku mingi mutu anakuja kuuliza ku paroisse kama muliwaona. Na binti yangu alikuwa anaweza kuzaa wiki ile ile.

"Ni punda," nikasema. "Ni Yosefu na Maria."

Akainama, akaangalia muzuri. "Mama, iko na ndevu."

Ni kweli. Uzi ya mugomba ilikuwa imening'inia chini ya kidevu. Nikaing'oa. Nikachukua lame, nikakata masikio marefu, nikayabandika mbele yake, colle ikiwa bado moto, nikamwambia aende amuonyeshe na amuelezee yote. Akaenda. Alirudi anacheka na machozi inatoka.

"Anasema sasa unataka ile mbuzi ya Uganda, ya masikio marefu."

Binti alikuwa amemuambia kama ni punda, amemuambia kama ni Biblia. Bwana yake akajibu kwa upole: kila bibi anatetea mama yake, na yeye hana hasira, mama-mukwe iko na haki. Akaanza kufunga sakoshi, mufuko yake ya safari.

Nilichukua rozari, nikazunguka shamba ya maharagwe, narudi, nazunguka. Kama bwana yangu angekuwa hapa, angeenda nyuma ya nyumba, angekohoa, angesema maneno mbili, ingekwisha. Niliwaza kutuma jirani, mais yule wa kisima angefika na mbuzi ingine juu ya ile. Heshima yetu ilikuwa na njia moja tu, na mwenye kuipita alikuwa Kamango. Nikamuambia Bikira Maria, wewe ulikuwa mama-mukwe ya nani, unisaidie hata hivyo.

Asubui, ukungu ikiwa bado ku migomba, mukwe yangu alikuwa anafunga sakoshi ku velo, baiskeli yenye bwana yangu aliacha. Bachuuzi balikuwa banamungojea ku barabara, banaongea. Nilitoka jikoni. Nilipita nguo zenye zilikuwa ku kamba, sikujificha. Aliponiona alirudi nyuma, akaangalia chini. Mimi nikageuza uso, nikasema nikiangalia kamba ya nguo, juu angalau hiyo heshima ibaki.

"Mukwe, ile hapana mbuzi. Ni punda. Ni Yosefu anakimbiza familia yake, na ile nyumba ya mbele ni ya kwangu. Mulango niliikata ifunguke juu muingie. Sikuombe kitu. Naomba tu mutoto azaliwe, baba yake akiwa hapa."

Bachuuzi balimuita, mumoja akamucheka, akauliza kama anaaga mama-mukwe na kumubusu pia. Nikasikia anatoa ile kadi mu mufuko ya shati: alikuwa anasafiri nayo. Nikamuona kwa pembe ya jicho anasukuma kale ka mulango na kidole, anafungua, anafunga.

"Na ndevu, Mama?"

"Ganda ilipasuka."

Mabega yake ikaanza kutikisika. Aliziba mudomo na mukono, akashindwa kuzuia kicheko. "Hata mimi punda sijaionaka," akasema. Akaenda ku kiingilio, akaambia bale bachuuzi bamutangulie na Mungu, yeye haendi tena. Balimutukana kidogo, kisha baliondoka, tukasikia velo zao zinashuka. Niliwaombea. Bengine niliwaona tena ku soko. Bengine hapana, na sikuthubutu kuuliza.

Mukwe yangu akafungua kamba, akashusha sakoshi, akaketi juu ya jiwe yake. Kisha akasema jambo yenye mukwe hasemake kwa mama-mukwe na kinywa yake mwenyewe:

"Mama, chai iko?"

Niliingia jikoni. Nikamwanga sukari chini na haraka. Nikamupelekea kikombe mwenyewe, nikaiweka ku mbao karibu naye. Akakunywa uso ku fensi, nami nikakaa ku kizingiti ya jikoni, uso ku moto, na kikombe yangu mu mukono. Mara ya kwanza nilimusikia vile anameza.

Binti yangu akatokea ku mulango ya kinyumba, tumbo mbele, kitenge imefungwa vibaya, ameshakuwa tayari kwa kulia. Akaangalia sakoshi chini. Akatuangalia sisi bawili, kila mutu na upande yake.

"Ah bon," akasema. "Leo bakwe banakunywa chai bila mimi?"

Akakuja polepole, akaketi ku mbao, akanyang'anya bwana yake kikombe, akamaliza ile yenye ilibaki.