Kamba ya Mzee Omolo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Suna, Injinia alinipatia kengele nishike. Ikalia mkononi! Yawa, niliirusha ikaingia kwa sufuria ya uji. Injinia akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama, wewe ndio nilikuwa natafuta. Ukishtuka wewe, mzee yeyote naye atashtuka."

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wajukuu wangu, simu ya mkono hatujaiona. Tulikuwa tunawekea wazee wanaokaa peke yao kengele. Unafunga kamba kando ya kitanda, kamba inavuta swichi, waya inapita juu ya miti mpaka kwa jirani, kengele inalia huko. Stima hakuna, ni mawe ya tochi tu, betri. Injinia alijua waya. Mimi, darasa la pili, kazi yangu ilikuwa kukaa na mzee siku mzima niangalie mkono yake inagusa nini.

Kutoka Suna tukapelekwa Sori, kwa Mzee Omolo. Bibi yake alikuwa amekufa. Kijana yake anafanya kazi Kisumu, akataka kumhamisha huko. Mzee akakataa: "Niwachie nani kaburi ya mama yenu?" Kijana akasema sawa, kengele ikisaidia, abaki. Tukavuta waya mpaka nyumba ya karibu kabisa, ya Akinyi, bibi ya huyo kijana.

Wiki mbili baadaye nilienda kubadilisha mawe. Jua iko juu, mlango bado imefungwa. Nikasukuma. Mzee ameanguka tangu asubuhi, kamba iko karibu na kidole, hajavuta.

"Mzee, kwani kamba ni ya mapambo?"

"Nyar Suna," aliniita hivyo, binti wa Suna, "hiyo kamba inaita nani? Si mke wa mtoto wangu? Aingie mahali nalala anikute bila longi, suruali sina? Afadhali nikufe."

Nilishika kichwa. Injinia alitoka mbali, angejua aje? Lakini mimi Mjaluo, nimezaliwa na huo mwiko, na ndio mimi nilishikilia ngazi waya ikipita!

Kijana akasikia, akatuma neno: Ijumaa anachukua baba.

Nikaambia Injinia, "Waya peleka kwa Opiyo." Opiyo ni rika ya Mzee, ng'ambo ya ua, wametukanana tangu utoto. "Na kamba toa. Huyu ana kiburi, hatavuta. Weka swichi kwa mlango." Akifungua asubuhi, balbu ndogo inawaka kwa Opiyo. Isipowaka, Opiyo anakuja.

Injinia akaniangalia sana. "Mama, hiyo ni kuita bila kuita."

Ijumaa kijana akafika, nikamwomba aone kwanza hiyo swichi, tukangoja uani. Jua ikapanda. Mlango kimya. Mara Opiyo huyo, mbio, uji kwa ndevu. "Omolo! Umekufa, ama ni uvivu?"

Mlango ikafunguka. Mzee amevaa longi, kofia pia. "Nilikuwa naangalia kama utakuja."

Kijana akacheka mpaka akalia. Akarudi Kisumu peke yake. Mzee akakaa kwake mpaka siku balbu ilikataa kweli, na Opiyo ndiye alimfumba macho.

Mimi nikahamishwa Homa Bay, nikaweka swichi kwa milango mingi mpaka magoti ikakataa. Sasa ndio mimi nakaa peke yangu. Balbu yangu iko kwa Rispa, jirani. Jana nilichelewa kufungua mlango. Nikasikia patipati ya miguu yake inakimbia: "Mama! Fungua, mama!"

Nilikuwa macho. Nikanyamaza kidogo tu, nisikie vile mtu anaitwa.