Salio Aliloliweka Baba kwa Siku ya Shida

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huwa naweka chini kwanza nilichoshika. Ilikuwa Jumatano, msimu wa mvua, nami nilikuwa hapa Nakuru nikifundisha hesabu darasa la tano. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akaniita kwa kidole. Nikatoka na chaki mkononi. "Mwalimu Nyambura," akasema polepole, "mamako ameletwa hospitali. Jirani yenu wa Subukia ndiye amepiga simu ofisini. Enda tu, nitakaa na darasa lako."

Lakini nimeanzia katikati. Wacha nirudi nyuma, maana wewe Wairimu ndiwe uliyeniuliza swali Jumapili iliyopita. Ulisema unataka kumnunulia mamako simu mpya, na hujui kama umwachie laini ya kununua kredo ya kupigia kidogo kidogo, au umwingize kwenye ule mpango wa kulipa kila mwezi, kwa vile yeye simu anaishika mara chache tu. Ukasema, "Tata," unavyoniita mimi dada ya mamako, "ni kitu kidogo, nijibu haraka niende." Sikukujibu. Jambo hilo hilo niliwahi kuliamua haraka, na sijalisahau mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa nimepita miaka thelathini kidogo, nimepanga nyumba mtaa wa Section 58, na nilijiona nimefika. Simu za mkono zilikuwa ndio zinaanza kuingia kwa watu wa kawaida kama sisi. Nikaamua Baba lazima awe na yake. Babu yako, wewe hukumkuta akiwa na nguvu, alikuwa na ng'ombe watatu na kahawa kidogo pale kwenye mteremko wa Subukia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na alipolitamka neno hilo sauti yake ilishuka, kama mtu aliyeingia nyumba ya wakubwa.

Nilimpelekea simu Jumamosi. Nikakwaruza kadi moja kubwa ya kredo nikamwekea. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kichwani nikiwa Nakuru: mzee haongei, kwa hivyo kadi hii itamkalia mwaka mzima. Yule mtu wa duka aliponiuzia aliniambia kwamba kredo ina siku zake, zikiisha kabla haijatumika inapotea. Nilimsikia. Ila nilisikia vile mtu husikia maneno ya muuzaji akiwa tayari amefungua mlango wa kutoka.

Nikamwonyesha Baba kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Nikamwandikia namba yangu kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu. Akaigeuza ile simu mkononi, akauliza swali moja tu.

"Pesa imeingia humo ndani?"

"Imeingia, Baba."

"Basi sitaigusa. Nitaiweka kwa siku ya shida."

Nikacheka. Niliona raha, mwanangu, nikajiambia kwamba nina baba mwenye akili, si kama wazee wengine wa kumaliza kredo kwa porojo. Sikufikiri neno lingine.

Miezi ikapita. Kila Jumapili nilimpigia mimi, akapokea. Simu ikilia nyumbani kwao Mama angemwita kwa kelele kutoka jikoni, naye angekuja akifuta mikono. Kwa kuwa nilimpata kila nilipompigia, niliamini simu yake ni nzima. Hakuwahi kunipigia hata mara moja. Hata kuniflash, kupiga na kukata kabla sijapokea, hakuniflash, aliona ni tabia mbaya kumgongea mtu mlango kisha ukimbie.

Sasa rudi nami kwenye ile Jumatano.

Asubuhi ile Mama alikuwa akiteremsha mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye njia iliyolowa. Akateleza, akaanguka ubavu, nyonga ikavunjika. Baba alimkuta amelala kwenye tope, hawezi kuinuka wala kuguswa. Akamfunika gunia, akakimbia ndani kuchukua simu. Siku ya shida ilikuwa imefika. Akabonyeza namba yangu, moja moja, akiifuata kwenye karatasi.

Akajibiwa na sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, ikisema kwa Kiingereza kwamba muda wa salio lake umekwisha. Baba hakujua Kiingereza. Wala hakujua kwamba kuna sauti isiyo na mtu. Alidhani ni mwenzangu wa shuleni ameishika simu yangu. Akamwomba. "Mama, tafadhali, niitie Nyambura. Mke wangu ameanguka." Mwanamke akarudia maneno yale yale. Baba akamwomba tena, akampigia tena, mara nne, mara tano, kila mara kwa adabu, akidhani amemkosea mahali. Halafu akaitia simu mfukoni, akakimbia kwa miguu kwenda kwa jirani mwenye pikapu. Jirani alikuwa amepeleka kahawa kiwandani. Akakimbia mpaka huko. Walipomfikia Mama, mvua ilikuwa imempiga kwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa hatetemeki tena.

Nilipofika hospitali nilimkuta Baba kwenye benchi la korido, gambuti zake za mpira zimejaa tope mpaka magotini. Simu alikuwa ameifunga kwenye leso. Aliponiona alisimama, akanipa ile leso kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe," akaniambia. "Nafikiri niliharibu kitu chako. Nilikuwa nabonyeza kila siku kidogo kuangalia kama pesa iko. Labda ndio nikaiharibu."

Nilisimama pale na chaki bado vidoleni. Hakuharibu kitu. Aliitunza kredo ile kama mbegu ya msimu ujao, nami nilijua tangu siku ya kwanza kwamba haitunziki. Nilimwambia hivyo hivyo, nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ah. Kumbe ilikuwa inaoza." Heri angenigombeza.

Aliyenigombeza ni Mama. Siku ya tatu, alipoanza kuzungumza, alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Nyambura, ulimfundisha babako kuwasha simu. Hukumuuliza ataitumia vipi. Ulimnunulia kitu kinachomfaa mtu wa kichwani mwako. Huyo mzee wa kichwani mwako simjui, mimi naishi na huyu." Akageuza uso ukutani. Mama alipona, lakini tangu hapo alitembea akivuta mguu, na mimi nilikuwa nikimsikia kutoka chumba cha pili. Wewe mwenyewe uliukuta mguu ule hivyo.

Baada ya hapo nikataka kurekebisha mambo, na mwanangu, mtu mwenye makosa akianza kurekebisha huwa na haraka kuliko alipokuwa akikosea. Mjomba wako Kamau akasema, "Hii mambo ya kadi tuachane nayo kabisa. Wacha Baba awekwe kwa bili ya mwezi, hatawahi kukosa kredo tena." Nikakubali hapo hapo. Nikamchukua Baba tukaenda kwenye duka la simu mjini. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Binti wa pale, mpole, mwenye heshima, akatueleza mpango wote. Baba alikuwa ametulia akitazama mikono yake. Kisha akamwita.

"Mami, niulize kitu. Nikipiga simu mbili tu mwezi mzima, nalipa ngapi?"

"Ile ile, mzee. Ni bei moja."

"Na jirani yangu akipiga kila siku asubuhi na jioni?"

"Bado ni hiyo hiyo."

"Zile dakika nisizoongea, mnaniwekea?"

"Hapana, mzee. Mwezi ukiisha zinaisha, unaanza nyingine."

"Na ng'ombe wakikauka, nikose kulipa?"

Binti akanitazama mimi kwanza. "Laini inafungwa, mzee. Hapo mwanzo ni kupiga tu. Ukikaa sana, hata kupokea."

Baba akatikisa kichwa polepole. "Kwa hivyo nayo inaoza," akasema, "tena yangu itaoza zaidi, kwa sababu dakika nisizotumia ni nyingi." Akaniomba kalamu kwa upole, akairudisha mezani. "Asante, mami. Mimi nitarudi nikishajijua."

Niliona aibu mbele ya yule binti. Leo naona aibu kwa ile aibu.

Alivyojijua ni hivi. Nyumbani kulikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, imetundikwa nyuma ya mlango. Baba akaifungia penseli kwa kamba. Kila alipopiga simu alichora kijiti kwenye tarehe ya siku hiyo. Kila alipopokea alichora duara. Nilimwekea kadi ndogo, safari hii nikimwambia siku ambayo kredo itaisha, naye akaizungushia tarehe hiyo mstari mzito. Alifanya hivyo miezi miwili. Mwisho wake akaniita, tukasimama mbele ya ule mlango. Maduara yalikuwa mengi. Vijiti vilikuwa vitano, na viwili kati ya hivyo alimpigia daktari wa ng'ombe.

"Mimi ni mtu wa kupokea," akasema, kama aliyepata habari za mtu mwingine. "Sihitaji maneno mengi. Nahitaji laini isilale, na kidogo ndani cha kumwita mtu."

Tukabaki na kadi. Lakini sasa ilikuwa na utaratibu wake: kila siku ya malipo ya maziwa, kabla hajanunua sukari, alinunua kadi ndogo kabisa. Akaikwaruza pale pale dukani, akanipigia mimi. Mara moja alinunua ya kampuni isiyo yake, akagombana na mwenye duka mpaka watu wakaja kuwaamua, na aliyekosea alikuwa yeye. Basi, hata mpango mzuri una siku kama hiyo. Simu zenyewe zilikuwa fupi. "Mama, hakuna neno. Nimepiga tu laini isilale." Angeuliza mvua ya Nakuru. Angeniambia ng'ombe gani ameshika mimba. Kisha kitufe chekundu, bila kwaheri, kwa sababu kwaheri ilimlia dakika.

Alinipigia hivyo kwa miaka mingi, mwezi baada ya mwezi, mtu ambaye nilikuwa nimeshaamua kwamba haongei.

Sasa swali lako. Siku hizi kadi karibu zimekwisha, mnanunua kila kitu ndani ya simu yenyewe, lakini jambo ni lile lile. Mtu anayeshika simu mara chache, mara nyingi laini ya kununua kredo ndiyo inayomfaa, kwa sababu halipii ukimya wake. Ila usimnunulie bando la wiki au la mwezi kwa sababu linaonekana rahisi, kama mwisho wake atakuwa ametumia robo. Mtafutie lile lisilo na siku ya kuisha, hata kama linaonekana dogo. Uliza kampuni laini ikikaa kimya muda gani huchukuliwa ikapewa mtu mwingine, na ukumbuke kwamba pesa zake za simu ziko kwenye laini hiyo hiyo. Mfundishe kupiga mara moja kila mwezi, siku anayoikumbuka mwenyewe bila wewe. Na kama mamako ameanza kuongea kila siku na kikundi chake cha akina mama, basi yeye si mtumiaji mdogo tena, na bili ya mwezi inaweza kumfaa. Usione vibaya kubadilisha.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda ukakae naye. Muulize anampigia nani, anangoja simu ya nani, na akipatwa na shida saa nne asubuhi wewe ukiwa kazini, atabonyeza nini, na atajibiwa na nani. Mwache ajibu polepole. Usimkatize, hata kama jibu unalo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio kubwa kuliko haraka yako. Awaweke wazazi wako mahali ambapo sauti yao inakufikia, na siku watakayokuita, akujalie uwe wewe utakayeitika.