Kitenge Nilichofunikia Injini

Chekeni mkitaka, lakini mimi niliona huruma. Asubuhi ile Mbinga ilikuwa imezama kwenye ukungu. Landrova kuukuu ya mwanangu Kasiani, aliyoinunua watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, ilikuwa inatetemeka kama kitoto kichanga. Nikavua kitenge changu cha mabegani, nikakichomeka kwenye matundu yake ya mbele, ipate joto. Kisha nikasahau.

Tukateremka kwenda Mbamba Bay, akina mama wa jumuiya, wote na vitenge vya sare mabegani, kumsindikiza mjukuu wangu kufunga ndoa. Ziwa likatokea chini huko, kama linaelea angani. Nikasinzia.

Nikaamka injini inachemka, mvuke umetanda kote, bibi harusi analia kwamba padri ataondoka.

"Mbio zako hizo, Kasiani!"

"Mama, maji yapo. Feni inazunguka."

"Basi gari hulijui. Rudi ukapalilie kahawa!"

Akainama mbele ya rejeta, akavuta, akaibuka na kitenge kilichokauka kama dagaa.

"Hewa ilikuwa haipiti. Nani kaziba hapa?"

Akina mama wakatazamana mabegani, mmoja mmoja. Bibi harusi akafuta machozi.

"Bibi, chako kiko wapi?"